Mrija Niliokataa Mtabila

Simu ya Spesioza ilinikuta jikoni nikibishana na sufuria ya maharage. Tangu mke wangu afariki napika mwenyewe, na maharage hayamhurumii mzee mwenye haraka. Namba siijui, sauti siijui. "Shikamoo, baba. Ni wewe ulikuwa mtu wa fomu kule kambini Mtabila?" Nikavuta kigoda nikakaa. Zaidi ya miaka ishirini imepita na hakuna mtu aliyeniita hivyo. Kwa wanafunzi niliowafundisha mimi ni Mwalimu, na kwa majirani zangu hapa Kasulu ni yule mzee anayeongea peke yake akifagia uwanja. Nikamwambia ndiye mimi. "Mimi ni Spesioza, binti wa Leokadia. Namba yako nimepewa na mwalimu wa hapa kwetu, anasema ulimfundisha. Mama ametutoka. Tumemzika hapa Muyama, na Jumamosi tunaanua tanga. Tunakuomba uje." Nikauliza, kwani mama alikuwa Muyama? Nilidhani alibaki Burundi. "Alikuwa kule, baba, akaumwa, tukamleta. Amekaa hapa miezi saba." Miezi saba! Kutoka mlangoni kwangu mpaka Muyama ni safari ya asubuhi moja, unarudi chakula cha mchana hakijapoa. Nikamuuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, mbona hamkuniita? Akasema, "Tulitaka. Alikataa. Alisema mwacheni, yule ni mtu wa kazi." Maharage yakaungua. Sikuyaondoa motoni mpaka moshi uliponifuata pale nilipokaa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini, cheti mkononi na ajira hakuna. Ukaja mradi wa utafiti kutoka Dar es Salaam, ukitafuta vijana wanaojua Kiha, lugha yetu Waha, wakawahoji wakimbizi wa Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha mbili zinazosikilizana bila mkalimani, kwa hiyo sisi tulionekana lulu. Jina la utafiti lilikuwa refu hadi likavuka mstari wa pili wa jalada: ulihusu sababu za vita vya wenyewe kwa wenyewe na yanayowafanya watu waache nyumba zao. Kiongozi wetu tulimwita Daktari tu, mtu mpole, mwembamba, anayesafisha miwani kwa ncha ya shati kila anapotaka kusema jambo zito. Alitupa mafunzo ya wiki mbili Kibondo, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni wenye viti vya plastiki na baridi ya asubuhi inayopenya soksi. Alitufundisha kanuni tatu, nami nilizikariri kama sala. Mhoji mtu peke yake, mlango umefungwa, ili asiogope masikio ya jirani. Usiandike jina lake. Na usile wala usinywe chochote kwa mtu unayemhoji, maana ukishakula chake utasikia unachotaka kusikia. Nilizipenda kanuni hizo, Mungu anisamehe. Kwa mara ya kwanza nilijiona mtu wa maana.

Nikapanga chumba Kasulu mjini, uani kwa duka la Mzee Juma, mtu wa pwani aliyekuja Kigoma kwa treni akiwa kijana na hakurudi tena. Chumba kilinuka mafuta ya taa na dagaa wakavu, na ukuta wake haukufika juu hadi paani, kwa hiyo nilisikia kila kitu alichosema na mkewe Bi Zuhura. Nao walijua nasikia. "Huyu kijana wako anauliza vita kila siku," Bi Zuhura aliwahi kusema. "Akishajua atafanya nini?" Mzee Juma akajibu, "Ataandika." "Halafu?" "Halafu basi. Wewe nawe, maswali kuliko yeye." Jioni Bi Zuhura aliniletea ugali wa muhogo na dagaa wa mawese kwenye sinia lililofunikwa kawa, akaliweka kizingitini, akabisha hodi na kuondoka. Nilikula peke yangu, fomu zimenizunguka kitandani. Sikuwa na rafiki mjini, na wenzangu wa mradi walipangiwa kambi nyingine. Nilijiambia upweke ule ni sehemu ya kazi, kwamba mtafiti hupaswa kukaa pembeni. Leo naona nilivyokuwa: kijana mwenye haya aliyepata sababu nzuri ya kutokaribia watu.

Mama Leokadia nilimkuta wiki ya tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mjane, mabega mapana, kicheko cha ghafla. Binti yake Spesioza alikuwa ameolewa na Muha wa Muyama kabla ya vita, ila sheria ilimtaka mkimbizi akae kambini, basi mama akakaa kambini na binti akakaa kwa mumewe, na katikati yao vilima vichache tu. Pale Mtabila alipika pombe ya mtama, ile wenyewe wanayoiita impeke. Chungu kilikaa nje mbele ya nyumba yake ya udongo, mirija mirefu ya mianzi imesimama ndani, na watu walikizunguka, kila mmoja na mrija wake au wawili mrija mmoja, wakivuta na kupiga soga. Wengi walikuwa wa kilima kimoja na yeye huko kwao. Kabla ya yote mwenye chungu huanza kuvuta mwenyewe, watu waone kwamba hakuna kitu kibaya ndani, kisha anampa mgeni mrija. Hilo sikuhitaji kuelezwa. Hata kwetu Uha mtoto anakua akilijua: ukipewa mrija mbele za watu ukaukataa, hujasema huna kiu. Umesema huyu mwenye chungu ni muuaji.

Nilimhoji saa mbili nzima, ndani, mlango umefungwa kwa mti. Nje jua linawaka, majirani wanapita, na sisi tumejifungia. Swali la kumi na nne ndilo lililokuwa moyo wa utafiti: kwa maoni yako, vita vililetwa na nini? Chini yake visanduku vitano. Moja, ardhi. Mbili, siasa. Tatu, kabila. Nne, umaskini. Tano, nyingine. Mama Leokadia akacheka. "Visanduku vitano tu, mwanangu? Vita vikubwa vile?" Kisha akaanza kuniambia habari za Bukuru. Bukuru alikuwa rafiki wa mumewe. Kila pombe ilipoiva alikuwa wa kwanza kufika, anatukana mirija kuwa mifupi, anachekesha watoto. Siku moja akapita njiani, chungu kiko nje, watu wamekaa, naye akapita macho chini. Wakamwita. Akasema ana haraka. Juma lililofuata wakapita watatu. Baadaye kila mtu akajua nani anakunywa kwa nani na nani hanywi tena. "Redio ilisema vita vimeanza mjini, tarehe fulani," akaniambia. "Redio haikuwepo kwetu. Kwetu vilianza siku Bukuru alipopita asiketi. Bunduki zilikuja nyuma sana, tena zilikuta kazi imekwisha." Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Nikatia alama sanduku la tano, nyingine. Alipofungua mlango, macho mekundu, nje walikuwa wamesimama majirani wanne, hawakusalimia.

Hapo ndipo ilipoanza, na mimi sikuona, nikijiona msomi. Kambini ulikuwepo uvumi kwamba majina yanakusanywa, kwamba yatavushwa mpaka, na watakaorudi watakuta wanasubiriwa. Mwanamke anajifungia mchana na mtu wa karatasi, anatoka akilia: amesema nini, amewataja akina nani? Ukiwa na mgeni wa heri, kwetu mlango unaachwa wazi, anayepita aone. Mlango tuliufunga ili kumlinda, na kwa kuufunga tukamweka alama. Wiki iliyofuata nilimkuta peke yake na chungu kizima. Wiki ya pili vivyo hivyo. Pombe ya mtama haihifadhiki. Ikipitiliza inachachuka, unaimwaga. Nilimwona akiimwaga nyuma ya choo, akiinamisha chungu taratibu kwa mikono miwili. Maji ya bomba walimwachia achote wa mwisho. Angekuwa na mtoto mdogo pale, mtoto angekosa wa kucheza naye. Ila hakuwa na mtu pale, ndiyo shida yenyewe.

Akanifuata kwenye gari la mradi, mchana, mbele ya dereva. "Mwiriwe, mwanangu," akaanza kwa salamu ya adabu, kisha akashindwa kuzunguka. "Wananiua hawa kwa kimya. Wanasema nimewauza. Jumamosi naweka chungu nje, nimewaita wote, watakuja kwa sababu wanataka kuona. Wewe njoo ukae. Nikivuta, nikikupa, vuta. Mara moja tu, hata ukitema baadaye. Mtu aliyechukua majina ya watu hawezi kukaa akavuta nao chungu kimoja. Wakikuona watajua." Nikamwambia nitakuja. Nilisema hivyo, nitakuja, na akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alichokuwa anaomba nilikielewa vizuri kuliko mtu yeyote katika mradi ule. Daktari asingeelewa, dereva wa Dar asingeelewa. Mimi Muha nilielewa.

Jumamosi nikaenda. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilienda kama nilikuwa nimeshakata shauri la kukataa, na jibu ninalopata ni baya: sikuwa nimekata shauri. Nilivaa kitambulisho cha mradi shingoni na fomu nikazikumbatia kifuani. Kulikuwa na watu kama ishirini, wamekaa kwenye magogo, hakuna anayecheka. Mama Leokadia alikuwa amevaa kitenge kipya cha bluu. Akainama, akavuta mbele ya wote, akameza polepole koo lake lionekane, akaupangusa mrija kwa kiganja, akaninyooshea. Nakumbuka kuku mmoja akiparua karibu na mguu wangu. Nikakumbuka ukumbi wa Kibondo, Daktari na miwani yake. Nikaogopa dereva atasema, nikaogopa kazi itaniponyoka, na jingine sijawahi kulisema: niliona aibu kuonekana Muha wa kijijini anayeinamia chungu, mimi niliyekwisha kuwa mtu wa fomu. Nikasema, "Asante mama. Niko kazini."

Mrija ulibaki hewani. Hakuushusha mara moja. Aliniangalia kama mtu aliyesikia vibaya na anasubiri urudie. Mzee mmoja akanyanyuka kwenye gogo, akakung'uta suruali. Nikamsikia akisema kwa Kirundi, bila hasira, "Hata Muha ameogopa." Wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyegombana, hakuna aliyetukana. Nikabaki nimesimama na makaratasi yangu. Ningeweza hata wakati ule kuketi na kuvuta, na nikiota usiku ndivyo ninavyofanya. Nikasema kitu kuhusu taratibu za mradi. Akanijibu, "Nenda mwanangu, gari linakungoja." Gari halikuwa linanguruma hata. Dereva alikuwa amelala.

Jioni ile sikula. Sinia likakaa kizingitini hadi Bi Zuhura akaja kuuliza kama naumwa, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia, nikamwambia kupitia mlango. Baadaye nikawasikia juu ya ukuta. "Kapewa mbele za watu akakataa?" akauliza Mzee Juma. "Ndivyo anavyosema." "Mimi pombe sijaonja tangu nizaliwe," akasema Mzee Juma, "na sitaonja inshallah. Lakini ningekaa pale. Ningeushika ule mrija mkononi mpaka watu wote waondoke. Kuushika nako kuna dhambi gani?" Bi Zuhura akamwambia apunguze sauti, kijana anasikia. "Asikie," akasema Mzee Juma. Nilijifunika shuka kichwani, mtu mzima na cheti chake.

Siku tisa baadaye nilikwenda Mtabila nikiwa nimejiandaa kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, hata nimeamua nitavuta mchana kweupe na kazi ife ikitaka. Nyumba ilikuwa tupu, chungu kimeinamishwa mlangoni. Jirani wa pembeni akaniambia ameandikisha jina kwenye malori ya kurudi, yale ya watu waliojitolea kwanza, wakati vilima vya kwao bado havijatulia na wenye akili walikuwa wanasubiri. Amepanda peke yake. Amevuka mpaka pale Manyovu asubuhi ya jana. Nikamuuliza kama aliacha neno. Jirani akaniangalia juu hadi chini. "Angemwachia nani?" Nikatembea hadi barabarani, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia, na nilipomaliza kulia nilihoji watu wawili, maana siku ile nilikuwa nimepangiwa wawili. Miaka yote iliyofuata sikujua kama aliuawa kule, na aibu ilinizuia kwenda Muyama kumuuliza binti yake. Nilikuwa nikimwona katika kila mwanamke mwenye mabega mapana sokoni, nageuka, siye.

Mwisho wa mwaka tulirudi Kibondo kuhesabu visanduku. Tulikaa ukumbi uleule, fomu zimerundikwa mezani, na kupitia dirisha tuliwasikia madereva wa misaada wakicheza bao na kubishana mpira. Daktari akasimama nyuma yangu. "Una 'nyingine' nyingi mno," akasema, akisafisha miwani. "Nyingine haitufikishi popote. Huyu, kwa mfano. Anasemaje?" Nikamsimulia Bukuru. Alisikiliza, sitamsingizia, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Inagusa sana. Lakini hii ni dalili, siyo sababu. Maisha yake yalitegemea nini?" Nikasema pombe. "Basi mweke umaskini." Nikafuta tano kwa kifutio, nikaandika nne. Ripoti ilitoka vizuri, yenye chati za rangi. Mama Leokadia yumo humo, ndani ya nguzo ya kijani. Sikumlaumu Daktari wakati ule wala simlaumu sasa. Alikuwa anatafuta chanzo cha vita, na mimi niliyekiona kwa macho yangu, tena mkono wangu ukiwemo, ndiye niliyeshika kifutio. Mkataba uliofuata niliukataa, nikaenda kufundisha watoto hesabu. Nilioa, nikazaa, nikazika. Mke wangu sikumwambia. Alifikiri sinywi pombe kwa sababu ya tumbo.

Jumamosi ya tanga nilipanda gari la asubuhi hadi Muyama. Spesioza nilimtambua kwa mabega. Sasa ana miaka arobaini na kitu, mama wa nyumba kubwa, wakwe na mashemeji Waha wamejaa uwanjani, na wageni wachache waliovuka kutoka ng'ambo. Akanikalisha kwenye kiti cha mbao, mbele, nikasema mimi nikae huko nyuma, akakataa. Palikuwa na wali, maharage, nyama ya mbuzi. Katikati ya uwanja, chungu. Mirija imesimama ndani.

Baada ya sala Spesioza akasimama. Akawashukuru waliomuuguza mama yake, kisha akanigeukia. "Huyu baba wengi hammjui, ila hadithi yake mnaijua, mama aliwasimulia nyote. Huyu ndiye Muha aliyekunywa." Watu wakaguna, wakanitazama kwa uso mwema. Akaendelea. Kule kambini watu walimtenga mama, akabaki peke yake na chungu chake. Siku hiyo akaja kijana Muha, ana kazi kubwa, ana makaratasi, akaketi chini na wakimbizi, akapokea mrija mbele ya wote akavuta. Mama alikuwa akisema, nimemwoza mwanangu kwa Waha, na nikaona kwa macho yangu Waha ni watu wa namna gani. "Mimi nilipokosana na wakwe zangu hawa," Spesioza akasema, na wakwe wakacheka, "mama alikuwa ananiambia, kumbuka yule. Rudi kwa mumeo, kumbuka yule." Shemeji mmoja akaitikia, "Kweli kabisa. Hata mimi aliniambia."

Basi ndivyo Mama Leokadia alivyofanya. Alivuka Manyovu na fedheha niliyompa, na hakumpa binti yake hata punje yake. Angesema kweli, kila mara Spesioza alipokosana na nyumba ile angekuwa na sababu moja zaidi ya kuwachukia. Akageuza, akanifanya mtu ambaye alinihitaji niwe. Spesioza akainama chunguni, akavuta, akameza, akaupangusa mrija kwa kiganja, akaninyooshea. Kiganja kilekile, jamani. Nilifungua mdomo nimwambie sikunywa, mama yangu, sikunywa. Uwanja mzima unanitazama kwa upendo. Nikapokea. Nikavuta. Ilikuwa kali kidogo na bado ya uvuguvugu, na ilikuwa nzuri. Wakapiga makofi, na sijawahi kuwa peke yangu duniani kama nilivyokuwa katikati ya makofi yale.

Habari hii nimeiandika kwa wiki tatu, kwa mkono, na nyinyi mnaoisoma si wa kwanza nitakaowapa. Jumamosi ijayo naipeleka Muyama. Nitamwomba Spesioza tukae ndani kwake, wawili tu, mlango ukiwa wazi, nimsomee neno kwa neno. Nimempigia simu kwamba nakuja. Amefurahi, akaniambia ataloweka mtama. Sikuweza kumwambia asiloweke. Chungu kitakuwa nje, na nikishamaliza kusoma nitatoka nikae kwenye gogo, nisubiri nione kama nitapewa mrija.